Jina Liandikwe Wapi? Programu za Kusimamia Marejeleo na Utafiti wa Fasihi ya Kiswahili Mjini Mombasa

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayetafiti ushairi wa Mombasa hukutana mapema na swali ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo: mashairi ya Muyaka bin Haji yaorodheshwe chini ya jina la nani, na chini ya mwaka gani? Muyaka aliishi Mvita kuanzia mwaka 1776 hivi hadi mwaka 1840 hivi. Diwani iliyobeba jina lake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikiwa imehaririwa na William Hichens. Katika miaka mia moja iliyopita kati ya kifo cha mtunzi na kuchapishwa kwa kitabu, mashairi hayo yalipitia vinywa na mikono ya watu kadhaa. Mmoja wao, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, ndiye aliyeyaandika kwa hati za Kiarabu. Hata hivyo, jina lake ni rahisi mno kuachwa nje ya tasnifu, kwa sababu katika orodha ya kawaida ya marejeleo halina mahali.

Tatizo hili ni la zamani, lakini limepata sura mpya kutokana na kuenea kwa programu za tarakilishi zinazosimamia marejeleo. Programu hizi zimewaondolea wanafunzi kazi nyingi ya kuchosha. Wakati huohuo, zimeundwa kwa kuzingatia kitabu chenye mwandishi mmoja, jina la ukoo moja na mwaka mmoja. Fasihi ya Mji wa Kale wa Mombasa haikukua hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, kuonyesha mahali zinapokwama zikikabiliwa na vyanzo vya Mombasa, na kupendekeza namna ya kuzitumia bila kuwapoteza watu waliohifadhi fasihi hiyo.

2.0 Programu hizi ni nini?

Programu ya kusimamia marejeleo ni hifadhidata ndogo inayokaa katika tarakilishi ya mtafiti. Kila chanzo hufunguliwa kadi yake, mithili ya zile kadi zilizokuwa zikipangwa katika makabati ya maktaba. Kadi hiyo ina visanduku vya kujazwa: cha mwandishi, cha anwani ya kazi, cha mhariri, cha mfasiri, cha mwaka, cha mchapishaji na vinginevyo. Mtafiti aweza kuambatisha faili la makala yenyewe, picha ya ukurasa, au maelezo aliyoyaandika alipokuwa akisoma.

Miongoni mwa programu zinazotumika sana ni Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani. Hii ni ya bure. Mendeley ilianza mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2013. EndNote ni kongwe kuliko hizo mbili, nayo huuzwa. Kwa mwanafunzi wa chuo cha umma Zotero ina faida mbili za ziada: hufanya kazi hata pasipo na mtandao, na wanafunzi kadhaa waweza kuunda maktaba moja ya pamoja. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni megabaiti 300 tu. Hizo hutosha kwa kadi nyingi, lakini hazitoshi kwa picha za miswada na rekodi za sauti.

Kazi za programu hizi ni tatu: kukusanya, kupanga na kunukuu. Katika kunukuu, programu huunganishwa na programu ya uandishi kama vile Word au LibreOffice. Mwandishi anapofika mahali pa kutaja chanzo, huchagua kadi, na jina, mwaka na ukurasa hujitokeza katika matini. Mwisho wa kazi, orodha nzima ya marejeleo hujipanga yenyewe.

La msingi kuelewa ni kwamba programu hutenganisha habari na mtindo. Habari hukaa katika kadi. Mtindo, uwe APA, MLA au Chicago, ni kanuni za kuipanga habari hiyo. Msimamizi akimtaka mwanafunzi aache APA na kufuata MLA, badiliko hilo hufanywa mara moja, na marejeleo yote mia mbili ya tasnifu hufuata. Faida hii haina shaka. Lakini mtindo hauwezi kuongeza habari ambayo haikuandikwa katika kadi, wala kusahihisha iliyoandikwa vibaya.

Vitabu vingi vya karibuni vina nambari ya ISBN, na makala za majarida huwa na nambari ya DOI. Mtafiti akiiingiza nambari hiyo, kadi hujazwa yenyewe kutoka hifadhidata za maktaba. Hapa ndipo mtafiti wa Mombasa anapoanza kuachwa nyuma. Mfumo wa ISBN ulikubaliwa kimataifa mwaka 1970 na ule wa DOI ulianza kutumika mwaka 2000. Diwani ya Muyaka ya mwaka 1940, kitabu cha Liwali Mbarak Ali Hinawy kuhusu Al-Akida na Fort Jesus cha mwaka 1950, na Poems from Kenya ya Ahmad Nassir ya mwaka 1966, vyote vilitoka kabla ya nambari hizo. Magazeti na miswada hata havifikiriwi. Kwa hivyo kadi nyingi muhimu za mtafiti huyu zitajazwa kwa mkono, naye ndiye atakayeamua jina lipi liingie katika kisanduku kipi.

3.0 Suala la majina

Programu hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo linalokuja mwisho. Jina la Mswahili wa Mombasa kwa desturi hupangwa vingine: hutangulia jina la mtu mwenyewe, likafuatwa na la baba, pengine la babu, na mwisho nisba ya ukoo kwa aliye nayo. Katika "Muyaka bin Haji", Haji si ukoo, ni baba. Mwanafunzi akimwachia Haji kisanduku cha jina la mwisho, tasnifu itamtaja mtu aitwaye "Haji (1940)", na msomaji hatatambua kuwa anayezungumziwa ni Muyaka.

Ufumbuzi upo katika programu yenyewe. Zotero huruhusu visanduku viwili vya jina viunganishwe kuwa kimoja. Jina "Muyaka bin Haji" likiandikwa katika kisanduku kimoja, programu haitalipindua. Litaorodheshwa chini ya herufi M kama lilivyo. Nisba inayoanza na "al-" nayo yahitaji uangalifu, kwa kuwa baadhi ya mitindo huipanga chini ya A na mingine chini ya herufi inayofuata. Mwanafunzi aangalie orodha yake ya mwisho na kuhakikisha kuwa "al-Batawi" na "al-Ghassaniy" zimefuata kanuni moja.

Ugumu wa pili ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Ahmad Nassir Juma Bhalo hutajwa na baadhi ya wasomi kama Nassir na wengine kama Bhalo; diwani yake ya Malenga wa Mvita (1971), iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, hujulikana pia kuwa diwani ya Ustadh Bhalo. Kadi zikijazwa kwa namna tofauti, programu itawahesabu kuwa watunzi wawili. Isitoshe, "Juma Bhalo" ni jina la mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, ambaye baadhi ya nyimbo alizoimba zilitungwa na huyohuyo Ahmad Nassir. Mtafiti wa taarabu asipotenganisha jina la mtunzi na la mwimbaji, atampa mmoja kazi ya mwingine.

Ugumu wa tatu ni kinyume cha huo: watu wengi wenye jina moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mjini Mombasa. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa. Alamin Mazrui ni mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981). Mtindo wa APA hufupisha majina ya kwanza kuwa herufi, na hapo wote watatu huanza na A. Programu hutofautisha yale tu iliyoelezwa. Basi kila kadi iwe na jina kamili, na pale ambapo mtindo bado unaleta utata, mwandishi ataje jina kamili katika sentensi yake.

Ama kuhusu Abdilatif Abdalla, mwandishi wa Sauti ya Dhiki (1973), katalogi nyingi humworodhesha chini ya Abdalla, ingawa hilo ni jina la baba yake, nao wapo wanaopendelea kuanza na Abdilatif. Hoja zote mbili zina mashiko: ya kwanza humrahisishia msomaji kukipata kitabu maktabani, ya pili huheshimu mpangilio wa jina. Kinachohitajika ni kuchagua kanuni moja, kuieleza katika sura ya utangulizi, na kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho.

4.0 Suala la miaka

Kisanduku cha mwaka nacho kina mitego yake. Mwaka 2017 shirika la uchapishaji la Brill lilitoa kitabu Guidance (Uwongozi), chenye makala teule za Sheikh Al-Amin Mazrui kutoka gazeti la Sahifa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kadi ikijazwa kwa mwaka huo pekee, tasnifu itasema "Mazrui (2017)". Msomaji asiyemjua ataona kana kwamba Sheikh anaandika kuhusu Mombasa ya leo, ilhali alifariki mwaka 1947 na makala hizo ni za mwanzoni mwa miaka ya 1930. Historia yake ya watawala wa Kimazrui wa Mombasa vivyo hivyo: aliiandika kwa Kiarabu, ikachapishwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, takriban nusu karne baada ya kufa kwake.

Kosa la aina hii hupotosha hoja. Anayechunguza mabadiliko ya fikra mjini Mombasa hutegemea mfuatano wa miaka. Mwaka ukiteleza, aliyetangulia huonekana amemjibu aliyemfuata. Katika Zotero pana kisanduku cha maelezo ya ziada ambamo mwaka wa asili waweza kuingizwa kwa amri maalumu, na mtindo wa APA utaichapisha miaka yote miwili, wa asili ukitangulia na kutenganishwa kwa mkwaju na ule wa toleo lililosomwa.

Tarehe za Hijra zahitaji hadhari zaidi. Watunzi wengi wa tenzi walitaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, ni wa mwaka 1275 wa Hijra. Tarakimu hiyo ikiandikwa ilivyo katika kisanduku cha mwaka, programu itaupanga utendi huo katika karne ya 13 Miladia, karibu miaka 600 kabla ya wakati wake. Isitoshe, mwaka mmoja wa Hijra kwa kawaida hugusa miaka miwili ya Miladia: 1275 ulianza Agosti 1858 na kumalizika katikati ya 1859. Njia bora ni kuandika mwaka wa Miladia katika kisanduku chake, na kuihifadhi tarehe ya Hijra katika maelezo ili ithibitishwe na wengine.

5.0 Mnyororo wa wapokezi

Turejee kwa Muyaka. Baada ya kufa kwake mashairi yalibaki katika kumbukumbu za watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika. Mmisionari William Ernest Taylor alishirikiana naye, akapokea maandishi hayo, na karatasi za Taylor hatimaye zikahifadhiwa katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Hichens aliyatoa kwa hati za Kirumi mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akachapisha utafiti wake mpana juu ya Muyaka, akiambatisha mashairi na tafsiri.

Kadi ya diwani ya 1940 yaweza kubeba mnyororo huu: Muyaka katika kisanduku cha mtunzi, Hichens katika cha mhariri, na Sikujua na Taylor katika kisanduku cha wachangiaji. Lakini mitindo mingi haichapishi kisanduku cha wachangiaji. Jina la Sikujua litakaa ndani ya tarakilishi ya mwanafunzi, na katika tasnifu iliyojalidiwa halitaonekana. Asiyekuwapo na lake halipo, na msomaji atabaki akidhani kwamba mashairi yalitoka kinywani mwa Muyaka yakaingia moja kwa moja katika kitabu cha Hichens.

Mambo mawili yaweza kufanywa. Kwanza, dirisha la kunukuu la programu huruhusu maneno kuongezwa kabla au baada ya rejeleo. Baada ya jina, mwaka na ukurasa, mwanafunzi aweza kuongeza: "kwa mkono wa Mwalimu Sikujua". Pili, mnyororo mzima uelezwe mara moja katika matini au tanbihi pale chanzo kinapotajwa kwa mara ya kwanza. Aidha, dirisha hilohilo huruhusu kutaja ubeti badala ya ukurasa. Hili lafaa sana kwa tenzi, ambazo kurasa zake hubadilika kila zinapochapishwa upya.

Kutaja wapokezi si desturi iliyoletwa na vyuo vikuu. Katika elimu ya Kiislamu iliyosomeshwa kwa karne nyingi mitaani mwa Mombasa, hadithi hupimwa kwa isnadi yake, yaani orodha ya waliopokezana mmoja baada ya mwingine hadi chanzo. Mwanafunzi anayemtaja Sikujua anatimiza kanuni ambayo Sikujua mwenyewe angeielewa.

6.0 Mahojiano na miswada ya majumbani

Sehemu kubwa ya utafiti wa Mji wa Kale hufanyika barazani. Mzee wa Kibokoni au wa Ndia Kuu hueleza maana ya neno la Kimvita ambalo kamusi hazilifafanui, au hufungua sanduku na kutoa mswada wa marehemu babake. Programu zina kadi ya mahojiano na kadi ya mswada. Kadi ya mahojiano iandikwe siku hiyohiyo: jina la msailiwa, tarehe, mahali, na faili la rekodi. Kadi ya mswada ionyeshe unahifadhiwa wapi, una hati gani, na nani aliyeunakili iwapo anajulikana.

Hata hivyo, mtindo wa APA huyachukulia mahojiano ya binafsi kuwa mawasiliano: hutajwa ndani ya matini tu na hayaingizwi katika orodha ya marejeleo. Matokeo yake ni kwamba tasnifu yaweza kujengwa juu ya maarifa ya wazee kumi wa Mombasa, na orodha yake ikawa na majina ya wasomi waliokaa London na Nairobi pekee. Mtindo hauna budi kufuatwa, lakini haukatazi kiambatisho. Mwanafunzi aweza kuziweka kadi zote za mahojiano katika kabrasha moja la programu na kuiagiza itoe orodha ya kabrasha hilo peke yake, akaiweka mwishoni kama Orodha ya Wasailiwa.

Haki ya msailiwa itangulie hayo yote. Aliyeomba jina lake lifichwe apewe alama, na kadi yenye jina halisi isiwekwe katika maktaba ya pamoja. Picha za mswada wa familia nazo zisisambazwe kwa kikundi pasipo idhini ya wenyewe. Ni rahisi sana kwa programu kusambaza faili, kulirudisha haiwezekani.

7.0 Lugha ya orodha

Mitindo mingi imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Tasnifu ya Kiswahili hujikuta na maneno ya Kiingereza ya kutambulisha mhariri, mfasiri au tarehe ya kusomwa kwa tovuti, yakiwa yamechomekwa katikati ya majina na anwani za Kiswahili. Faili la mtindo wa Zotero ni maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa na kuhaririwa. Mhadhiri au mwanafunzi mmoja mwenye ujuzi aweza kuweka "mhariri", "katika", "uk." na "na wenzake" mahali panapostahili, kisha idara nzima ikatumia faili hilo. Kazi hii ingefaa kufanywa na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa ikifanywa vizuri mara moja huwafaa wengi watakaofuata.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa programu za kusimamia marejeleo huokoa muda, hupunguza makosa ya mpangilio na humsaidia mwanafunzi kujiepusha na wizi wa kitaaluma unaotokana na kusahau chanzo. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kuziogopa. Inampasa aanze kuzitumia tangu siku ya kwanza ya utafiti, akijaza kadi moja moja, kwani haba na haba hujaza kibaba. Inampasa vilevile aihifadhi nakala ya maktaba yake mahali pa pili, na aisome orodha ya mwisho kwa macho yake kabla ya kuiwasilisha.

Lakini programu haijui kwamba Haji ni baba wa Muyaka, kwamba 1275 si mwaka wa Miladia, wala kwamba pasipo mwalimu mmoja wa Mombasa sehemu kubwa ya diwani ya Muyaka huenda isingetufikia. Hayo huyajua mtafiti, naye ndiye wa kuyaandika. Chanda chema huvikwa pete, na pete ya mnakili ni jina lake kutajwa mahali ambapo msomaji ataliona.